Kabla Hujaanza Kuhesabu Neno "Kangomba"

Wanaotaka kuandika tasnifu kuhusu korosho za Mtwara na Lindi magazetini huanza kwa kurundika magazeti. Nakusihi uanze na swali lako, maana ndilo litakalokuambia uchambue maudhui kwa njia ipi.

Chukua neno kangomba, yaani kununua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa bei ya kutupa. Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, neno hilo lilitawala habari. Ukitaka kujua lilitajwa mara ngapi na lini, hesabu. Ila programu ya kawaida ya kuhesabu maneno haijui Kiswahili: kwake "amenunua", "walinunuliwa" na "mnunuzi" ni maneno matatu yasiyohusiana. Tafuta kwa mzizi, "nunu".

Hesabu haitakuambia kwamba mnunuzi wa kangomba aliye mhalifu kwa afisa ndiye aliyempa mama wa Tandahimba ada ya mtoto miezi kadhaa kabla ya msimu. Hapo unasoma kwa utulivu, makundi ya maana yajitokeze yenyewe kwenye maandishi. Watafiti Hsieh na Shannon, mwaka 2005, waliiita hii njia ya kawaida, wakaitofautisha na ile inayoongozwa na nadharia na ile inayoanzia kwenye kuhesabu maneno kisha kutafuta maana zake. Ukiongozwa na nadharia, acha kundi moja wazi kwa yasiyoingia popote. Bila hilo utaona ulichokuja nacho tu.

Mwongozo wa makundi, yaani maelezo ya nini kiingie kundi lipi, uandikwe na kujaribiwa mapema. Mimi na mwenzangu tulikaa Masasi na habari 20, kila mtu akizipanga peke yake. "Walanguzi" mimi niliwaweka na wanunuzi wa kangomba, yeye akawaweka na wafanyabiashara wa kawaida. Sote tulikuwa na hoja, kwa hiyo kosa lilikuwa la mwongozo. Tuliuandika upya jioni ileile. Kwa utafiti wa kuhesabu, pima jinsi wapangaji wanavyokubaliana kwa alfa ya Krippendorff, kipimo ambacho 1 ni makubaliano kamili: 0.80 kwenda juu ni salama, kati ya 0.667 na 0.80 hitimisho liwe la tahadhari.

Ukitumia mihtasari ya vikao vya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, omba kibali mapema. Na maneno ya Kimakonde yaliyomo usiyatafsiri kabla ya kuyapanga. Yaache yalivyo, uandike pembeni nani kayasema na katika kikao kipi.