Namna ya Kuvaa Picha Unayoipenda kwa Nguo Ulizonazo Kabatini

Simu za watu wengi zimejaa picha za mavazi waliyoyahifadhi na hawajawahi kuyavaa. Sababu ni kwamba wanaitafuta nguo ile ile. Chukua picha maarufu aliyoipiga mpiga picha Richard Avedon mwaka 1955, modo Dovima akiwa kati ya tembo mjini Paris. Nguo ni ya jumba la mitindo la Dior, ya jioni, na hakuna atakayeivaa kwenda kazini. Sasa waondoe tembo, lifute jina la Dior, uone kilichobaki: nguo nyeusi ya mikono mirefu iliyoushika mwili, na utepe mmoja mpana mweupe unaoning'inia kutoka kiunoni. Basi. Blauzi nyeusi ya mikono mirefu, sketi nyeusi, na skafu nyeupe iliyofungwa kiunoni ikaachwa ishuke upande mmoja, vinatosha kabisa.

Kazi yangu ni kuvalisha watu kabla hawajasimama mbele ya kamera. Hivi ndivyo ninavyoitoa picha ukutani na kuiingiza kabatini.

Hatua ya 1: Chagua picha moja, na iwe kubwa

Picha ndogo inakuonyesha rangi tu. Wewe unahitaji kuona mshono, pindo, na jinsi kitambaa kinavyoanguka. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalifungua hazina yake mwaka 2017, na picha za kazi zisizo tena na hakimiliki zinapakuliwa bure. Rijksmuseum la Amsterdam nalo linaruhusu hivyo hivyo. Humo mna michoro ya rangi za mafuta, mabango ya zamani, na kurasa za mitindo zilizotiwa rangi kwa mkono enzi ambazo majarida hayakuwa na picha za rangi.

Kwa anayeanza, napendelea mchoro kuliko picha ya jarida. Nitakupa siri ya kazi hii: nguo nyingi unazoziona majaridani zimebanwa mgongoni kwa vibanio. Mbele inakaa kana kwamba fundi alimpima modo huyo huyo, nyuma ni safu ya vibanio kutoka shingoni mpaka kiunoni. Ukijilinganisha na mkao ule, utaulaumu mwili wako bure.

Hatua ya 2: Finya macho, kisha gawa mafungu

Rudi nyuma hatua mbili tatu kutoka kwenye skrini. Finya macho mpaka sura ya mtu ipotee, yabaki mabaka ya rangi. Andika kwenye karatasi kila baka limechukua kiasi gani: nusu, robo, upana wa kidole, nukta.

Tujaribu na yule msichana mwenye hereni ya lulu aliyechorwa na Johannes Vermeer mnamo 1665 hivi. Ukiwauliza watu, wengi watakwambia mchoro ule ni wa buluu. Finya macho uone. Sehemu kubwa ni giza la nyuma. Inafuata hudhurungi yenye umanjano ya koti, halafu njano ya kitambaa kinachoshuka kutoka kichwani. Buluu ni ule mzunguko wa kilemba tu. Kisha kuna ukingo mwembamba mweupe wa kola, na lulu. Na lulu yenyewe, ukiisogelea, ni madoa machache ya rangi nyeupe. Vermeer hakuchora hata kindoano cha kuishikilia sikioni. Ila madoa hayo pamoja na ule ukingo wa kola ndivyo vinavyouwasha uso.

Kabatini mgawo huo unakuwa hivi: suruali na koti vya rangi iliyokolea, sweta ya rangi ya haradali, blauzi nyeupe ambayo kola yake inachungulia kwa upana wa kidole, kitambaa cha buluu shingoni au kichwani, hereni moja moja ndogo inayoakisi mwanga. Wengi huharibu hapa, wanazigawa rangi sawa kwa sawa. Buluu ikishavuka robo, Vermeer ameondoka, umebaki mtu aliyevaa buluu na njano.

Kama unataka mfano wa kamera, tazama picha za rangi ambazo Saul Leiter alizipiga New York miaka ya 1950: theluji, vioo vyenye ukungu, na mwavuli mwekundu. Wekundu ni kidogo mno, na ndio unaoukumbuka.

Hatua ya 3: Kama picha ni ya rangi moja, hesabu vitambaa

James McNeill Whistler alimchora Joanna Hiffernan mwaka 1862 akiwa na gauni jeupe, mbele ya pazia jeupe. Weupe juu ya weupe, na bado hupotezi kitu. Kinachokusaidia ni uso wa kila kitambaa: pazia lina mafumo yake, gauni ni la kitambaa chepesi kisichong'aa, na chini ametandikiwa ngozi ya mnyama yenye manyoya.

Ukivaa rangi moja juu hadi chini, hakikisha una walau vitambaa vitatu tofauti: kitani kilichojikunja, pamba nzito, kitu cha kung'aa kama satini. Weupe unaokaribiana lakini haufanani ni hatari. Shati jeupe pe kando ya suruali ya krimu iliyofifia huifanya suruali ionekane haijafuliwa. Ama zifanane, ama tofauti ionekane kwa mbali.

Hatua ya 4: Jaribu rangi karibu na uso

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Kukawa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akachunguza, akakuta rangi haina kasoro. Nyeusi ilififia kwa sababu ya buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839 na wachoraji wengi walikisoma kwa makini.

Jirani wa rangi ndiye anayeibadilisha, na ngozi yako nayo ni jirani. Simama dirishani mchana, usiwashe taa, shika kitambaa chini ya kidevu. Usikiangalie kitambaa, angalia ngozi chini ya macho na kando ya midomo. Kivuli kikizidi, rangi hiyo ipeleke chini, iwe sketi au viatu. Huna haja ya kuitupa. Binafsi siamini orodha za rangi za watu wa ngozi fulani. Dirisha linasema kweli zaidi.

Hatua ya 5: Tafuta mstari mmoja

Hii ni fupi. Kiuno cha nguo kiko wapi, na pindo linaishia wapi? Nguo za Dior za Februari 1947 zilibana kiuno na kupanua sketi, na hayo mawili yalitosha kuzitambulisha. Wewe chukua moja. Chomeka shati, funga mkanda juu zaidi, au kunja suruali kifundo kionekane.

Hatua ya 6: Ongeza anasa moja, uiweke inapoonekana

Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Shuka la kitanda chake ndilo lililokuwa pazia lake la kwanza. Ukizitazama picha zake, angalia mikono na mifuko: saa imegeuzwa ionekane, kalamu imechomekwa mfuko wa kifuani, na kijana mmoja wa suti nyeupe na miwani ameshika ua moja tu. Kitu ni kidogo, ila kimepewa mahali pake.

Kama una skafu ya hariri, zile za mraba wa sentimita 90 ambazo Hermès walianza kuzitoa mwaka 1937 au yoyote ya kipimo hicho, ifunge hivi. Itandaze kifudifudi. Kunja pembe mbili zinazotazamana zikutane katikati, endelea kukunja kila upande mpaka upate ukanda wa vidole vinne. Zungusha shingoni, ncha moja ikiwa ndefu. Pitisha ndefu juu ya fupi, ichomoze kutoka chini, iangushe mbele ifunike fundo. Usilikaze, vidole viwili vipite. Wakati wa pasi, tumia moto mdogo upande wa ndani, na usiupige pasi ule ukingo uliosokotwa kwa mkono. Ukingo huo ukilala bapa, skafu inapoteza nusu ya hadhi yake.

Manukato yapake kabla ya kuvaa, yasiguse hariri wala lulu. Lulu huvaliwa mwisho na kuvuliwa kwanza, kisha hufutwa kwa kitambaa laini. Na kama hutaki kununua chochote, badilisha vifungo vya koti la zamani. Vifungo vya pembe au vya kome hubadilisha koti kuliko kidani chochote.

Hatua ya 7: Jipige picha, kisha ondoa rangi

Simama karibu na dirisha, piga picha ya mwili mzima, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kitupu, rangi zako zina uzito mmoja hata kama majina yake ni tofauti. Badilisha kimoja kiwe cheupe zaidi au cheusi zaidi. Halafu angalia jicho lako linatua wapi kwanza. Likitua kwenye begi badala ya ile anasa uliyoichagua, badilisha begi.

Ukiridhika, bandika ile karatasi ya mgawo ndani ya mlango wa kabati. Picha yenyewe iache kwenye simu. Asubuhi ukiwa na haraka, "nusu giza, robo haradali, kidole cheupe" husomeka upesi kuliko mchoro mzima, na nguo utakazochomoa si lazima ziwe zile za jana.