Kutoka pwani hadi Ziwa Michaelson: mambo ya kuzingatia kabla

Matembezi ya siku moja kupitia Bonde la Gorges hadi Ziwa Michaelson, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya, kweli ni ya siku moja. Lakini sisi wa Mombasa tutenge siku nne. Wa Nairobi tayari analala kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Mwili wake umeshaanza kupanda kabla hajafunga kamba za viatu. Sisi tunaanzia sifuri, na ziwa liko karibu mita 4,000.

Mara ya kwanza niliona kulala njiani ni kupoteza pesa. Tuliondoka Mombasa alasiri, tukaipita Nairobi usiku, alfajiri tuko kwenye lango la hifadhi, tukala na kuanza safari. Saa saba mchana nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, kichwa kinatwanga kama kinu, natapika mahamri niliyoyabeba kutoka nyumbani. Ziwa sikuliona.

Kwa hivyo la kupanga kwanza ni usingizi, viatu vitafuata. Panda garimoshi Miritini, lala Nairobi, kesho yake nenda Chogoria, na usiku wa pili ulale karibu na lango, kwenye mita 2,950 au zaidi kidogo. Huo usiku wa pili ndio usioweza kuuruka. Ukifika kwenye ziwa, kila pumzi inakuletea kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata pale ufukweni Mama Ngina. Mwili hujirekebisha, lakini hautaki kuharakishwa, na haujali kama wewe ni kijana au unacheza mpira kila jioni. Nimeona vijana wenye vifua vya kupiga makasia wakirudishwa, na mama wa makamo akafika polepole na leso yake kiunoni.

Kabla ya kukata tikiti, kuna watu wanaofaa kumuona daktari: wenye shinikizo la damu, pumu, matatizo ya moyo, na wajawazito. Nami naongeza selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, maana huku pwani tunayo majumbani mwetu. Upungufu wa oksijeni unaweza kumletea mgonjwa wa selimundu maumivu makali na hatari, na hata mtu aliyebeba chembe moja tu ya urithi, asiyewahi kuugua, anaweza kuumia bandama akiwa juu sana. Kama kuna mgonjwa katika ukoo wenu, pima kwanza. Diamox nayo, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, usiipokee kwa rafiki; muulize daktari, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru.

Kubalianeni mapema, nyote na mwongozaji wenu, kuhusu dalili. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, hupandi tena mpaka upate nafuu. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, akichanganya maneno, au akitweta ilhali ameketi, mnashuka naye papo hapo, hata kama ziwa linaonekana. Ugomvi huu ni rahisi kuumaliza hotelini kuliko mlimani.

Mazoezi? Mji wetu ni tambarare, basi tafuta ngazi. Jengo la ghorofa sita, begi lenye chupa za maji mgongoni, panda na ushuke mara kumi, siku tatu kwa wiki, kwa mwezi mmoja au miwili. Usidharau kushuka, kwani magoti hulia wakati wa kurudi. Mchanga wa Nyali maji yakiwa yamekupwa pia unafaa. Hayo yatakusaidia miguu. Kichwa hakifanyiwi mazoezi.

Kuhusu baridi, hesabu ni nyepesi: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua digrii 6 hivi. Ukiacha digrii 30 hapa, huko juu mchana mzuri ni kama ndani ya friji, na upepo bado hujauhesabu. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Zikilowa hazikauki, nazo hunyonya joto la mwili. Nenda Kongowea kwenye mitumba. Makoti mazito ya Ulaya huuzwa rahisi kule kwa sababu nani wa Mombasa anayataka? Tafuta sweta la sufu au flisi, koti lisilopitisha maji, glavu, mavini ya kufunika masikio, na soksi nene jozi mbili. Viatu vivae wiki kadhaa kabla, hata kama watu wa mtaani watakucheka. Jua la huko pia huchoma kuliko la ufukweni ingawa hulihisi, basi kofia pana na miwani.

Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ya kuaminika. Masika barabara ya msituni kutoka mji wa Chogoria hadi langoni huwa tope, na gari dogo halifiki. Ada ya hifadhi hulipwa kwa simu au kadi, si taslimu. Ilipe mapema ukiwa na mtandao. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020, kwa hiyo beba chupa ya kudumu, lita 2 au 3.

Chakula kiwe kidogo kidogo: tende, korosho, kashata, viazi vya kuchemsha. Hamu ya kula hupotea huko juu, na tende hushuka hata pale sahani ya pilau ingekushinda.

La mwisho ni saa ya kugeuka. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba mchana, popote mlipo, mnarudi. Mawingu hupanda bondeni alasiri, na giza huingia mapema kuliko miguu iliyochoka.

Mwaka uliofuata tulifika saa sita kasorobo. Mmoja wetu akasema atatawadha kwenye ziwa ili asali adhuhuri papo hapo. Alitia mkono wa kwanza, akautoa, akatutazama, akauliza kama kutayamamu kwa mchanga kunajuzu kwa sababu ya baridi.