Somo: Cheti cha ubatizo kwa wanaotaka kufunga ndoa, hasa sisi tuliotoka mbali

Tumsifu Yesu Kristo.

Swali la jinsi ya kupata cheti cha ubatizo nimelijibu mara nyingi mpaka simu yangu imezoea: nikiandika "cheti", yenyewe inamalizia "cha ubatizo". Mimi ni paroko hapa Kampala, kwenye parokia yenye Misa ya Kiswahili. Waamini wangu ni Wakongo, Wakenya, Warundi, askari na wake zao, na wengi walibatizwa mbali na hapa. Leo naandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Kabla ya yote: ile kadi ya rangi uliyopewa siku ya Komunyo ya Kwanza, yenye picha ya kikombe, si cheti cha ubatizo. Itunze, ni kumbukumbu nzuri.

1. Jua parokia, si kigango tu. Ulibatizwa kigangoni chini ya mwembe, sawa, lakini kitabu cha ubatizo kinakaa parokiani. Kumbuka pia kwamba parokia huzaa parokia. Kigango chenu cha zamani leo huenda ni parokia kamili, ila jina lako limebaki kwenye kitabu cha parokia mama.

2. Jua mwaka. Kukisia kunatosha.

3. Andika majina yote uliyowahi kuitwa, pamoja na ya baba, mama na msimamizi wako wa ubatizo. Kijana mmoja kitambulisho chake kilisema Charles. Tulipekua kurasa za miaka mitatu, hakuna Charles. Mama yake alipopiga simu nikamsikia akimwita "Karoli", nikarudi kitabuni. Alikuwepo, mstari wa nne kutoka chini, "Carolus", wino umefifia kama chai ya maziwa. Vitabu vingi vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo Yozefu ni Josephus na Yohana ni Joannes.

4. Omba cheti kipya, kilichotolewa ndani ya miezi sita kabla ya ndoa. Kile cha utotoni hakitoshi hata kama umekitia plastiki.

5. Picha ya ukurasa kwa WhatsApp inatusaidia kupata namba ya kitabu. Haifanyi kazi ya karatasi yenye muhuri na sahihi ya paroko.

6. Kama kitabu hakipatikani. Hapa tukae kidogo, maana hapa nilikosea mimi mwenyewe.

Nilikuwa padre msaidizi, kijana, mwenye haraka. Akaja dada mmoja kutoka Kivu, hana cheti, parokia yao watu walikimbia, simu hazishiki. Kwaresima ilikuwa imeanza na wakatekumeni wangu, yaani wanaojiandaa kubatizwa, walikuwa karibu kumaliza mafundisho. Nikamtia humo. Mkesha wa Pasaka nikambatiza, mshumaa, vazi jeupe, vigelegele. Miezi mitano baadaye shangazi yake akashuka kwenye basi na mfuko wa nailoni. Ndani yake, kati ya kadi ya chanjo na picha za mazishi, kulikuwa na cheti. Dada alibatizwa akiwa na wiki tatu, na huyo shangazi ndiye aliyemshika kwenye kisima cha ubatizo. Ubatizo haurudiwi. Nilichofanya usiku ule kilikuwa kumlowesha mtu nywele. Nilikwenda kujieleza kwa Askofu, kisha nikaandika masahihisho kitabuni kwa mkono wangu. Maneno hayo yamo mpaka leo, na kila paroko atakayekuja atayasoma.

Kosa langu lilikuwa moja: sikuuliza, "Nani alikuwepo siku ile?" Kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba, kama hakuna anayedhurika, shahidi mmoja asiyetiliwa shaka anatosha kuthibitisha ubatizo. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima, kiapo chake mwenyewe kinatosha. Basi tafuta mama, msimamizi, katekista wa zamani, jirani aliyekula wali siku hiyo. Nitamhoji, nitaandika, atatia sahihi.

Angalizo la kwanza: usimfundishe shahidi. Niliwahi kuhoji ndugu wawili, kila mmoja peke yake, wakanipa sentensi zilezile kwa mpangilio uleule kama shairi la shule. Shahidi wa kweli husahau tarehe lakini anakumbuka kwamba mvua ilinyesha na mtoto alimkojolea msimamizi.

Angalizo la pili: barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa, inathibitisha unakoishi. Haithibitishi ubatizo.

Angalizo la tatu: usiseme "nibatize tu upya, padre, tumalize". Shaka ikibaki baada ya uchunguzi wa kweli, kuna ubatizo wa sharti, unaoanza na "Kama hujabatizwa...". Hufanyika kimya kimya, na si njia ya mkato.

7. Njoo miezi mitatu kabla, na usichapishe kadi za mwaliko kwanza. Matangazo ya ndoa peke yake ni Jumapili tatu.

Maswali karibuni.

FUNDI WA KATWE: Padre naomba utaratibu wa kupata cheti cha ubatizo.

PADRE: Ndio huo hapo juu, fundi.

FUNDI WA KATWE: Ni mrefu padre. Kuna jamaa mjini anachapa vyeti na muhuri kabisa, siku moja.

PADRE: Na mimi nina namba ya paroko anayetajwa kwenye cheti, dakika moja. Usinitie majaribuni nikujibu zaidi ya hapo.

MWANAKWAYA: Padre shikamoo. Nimesoma yote. Sijaelewa kwa nini cheti cha zamani hakitoshi. Ubatizo si uleule?

PADRE: Marahaba mwanangu, swali zuri. Ubatizo ni uleule, lakini maisha yanaendelea. Pembeni ya jina lako kitabuni huandikwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za kitawa za daima. Cheti kipya hunakili na hayo ya pembeni. Mtu aliyefunga ndoa Bukavu akija hapa na cheti chake cha utotoni anaonekana kapera. Kipya kitanionyesha jina la mkewe. Ndiyo maana mimi pia nikishafungisha ndoa lazima nipeleke taarifa kwenye parokia ulikobatizwa.

MWANAKWAYA: Kumbe! Na mkinituma, naweza kuipeleka hiyo taarifa mwenyewe? Naenda Bunia Desemba.

PADRE: Barikiwa. Nitakupa bahasha tatu.

MAMA PACHA: Mchumba wa binti yangu ni wa Kanisa la Uganda, Waanglikana. Atabatizwa lini?

PADRE: Hatabatizwa, mama. Amekwisha kubatizwa, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alete cheti cha kwao. Kinachohitajika ni ruhusa ya ndoa ya mseto, naiomba mimi jimboni. Angekuwa Mwislamu ingekuwa jambo jingine, pale tunaomba dispensa, yaani kuondolewa kizuizi cha kuoana na asiyebatizwa. Kwa walokole nauliza kwanza walitumia maneno gani, maana wapo wanaobatiza kwa jina la Yesu peke yake, na huo hatuutambui.

ASKARI MSTAAFU: Mimi nilizaliwa njiti, nesi akanibatiza hospitali usiku. Hakukuwa na padre. Hiyo inahesabika?

PADRE: Inahesabika kabisa, afande. Hatarini mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kubatiza. Mtakatifu Kizito unayemwomba kila tarehe 3 Juni alibatizwa na Karoli Lwanga kule Munyonyo mwaka 1886, siku chache kabla ya kuchomwa Namugongo, na Lwanga hakuwa padre. Shida yako ni kitabu tu: huenda nesi hakupeleka taarifa parokiani. Mama yupo hai?

ASKARI MSTAAFU: Yupo Busia, ana akili timamu kuliko mimi.

PADRE: Basi shahidi unaye. Nitamwandikia paroko wa huko amhoji, asisafiri mzee wa watu.

KATEKISTA: Nyongeza kidogo, padre. Kama kitambulisho kinasema Charles na kitabu Karoli, wasifute kitu kitabuni. Waje na vyote viwili tuandike maelezo. Kuna mmoja alileta karatasi imekwanguliwa kwa wembe.

PADRE: Naikumbuka. Ilikuwa na tundu.

FUNDI WA KATWE: Sasa cheti ni shilingi ngapi?

PADRE: Uliza ofisini kwa parokia uliyobatizwa. Ni ipi?

FUNDI WA KATWE: Hapo ndipo sijui padre. Nilikuja mdogo. Baba alishafariki.

PADRE: Ungesema hilo tangu mwanzo, mwanangu. Samahani nilikujibu kwa ukali. Nani mwingine alikuwepo?

FUNDI WA KATWE: Labda bibi. Yuko kambi ya wakimbizi ya Rwamwanja. Haoni vizuri lakini nyimbo za Misa anaimba zote.

PADRE: Huyo ndiye tunayemtaka. Usimwambie nitamuuliza nini. Nitumie jina lake pembeni, na saa ambazo simu yake huwa na chaji.