Somo: Kununua ramani ya kejeli na kuijua bei yake

Fundi wa fremu alinikabidhi ramani yangu imekaa sawasawa, haina hata mkunjo. Nilipofika nyumbani nikatazama chini: pambizo hakuna. Kalikata ili picha ienee, na pamoja nalo kaikata namba ya nakala na sahihi ya msanii. Bora mjifunze kwa hasara yangu.

Ramani ya kejeli hujifanya ya jiografia huku inasema mengine. Mwaka 1877 Fred W. Rose aliichora Urusi kama pweza anayeikaba Ulaya. (Sisi pweza tunamjua Forodhani, lakini ujumbe unafika.) Katika wasanii walio hai yupo Grayson Perry wa Uingereza, mshindi wa Turner Prize, tuzo ya sanaa ya huko kwao, mwaka 2003. Kazi yake "Map of Nowhere" ya 2008 imefuata ramani ya Ebstorf, ya Ujerumani, ya karne ya 13, ambayo ndani yake dunia nzima imo katika mwili wa Yesu. Perry akauweka mwili wake mwenyewe. Ile ya Ebstorf iliteketea kwa mabomu Hannover mwaka 1943.

Hatua ya 1: Isome kwanza. Kaa nayo nusu saa, soma majina ya vijiji na mito yake. Kama hujacheka wala kukereka, usiinunue.

Hatua ya 2: Jua imechapwa vipi. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Kwa ramani kama hiyo Perry hutumia bamba la metali: mistari huchimbwa kwa tindikali, wino huingia mifereji, kisha karatasi mbichi hukandamizwa juu yake kwa nguvu. Kwa hiyo pembeni mwa picha hubaki ukingo uliobonyea. Upapase kwa kidole, taratibu. Halafu chukua lenzi, hata ile ya fundi saa. Mstari wa bamba ni mweusi mfululizo, na wino umeinuka kidogo. Ukiona vitone vya rangi vilivyopangana kama ungo, hilo ni bango la mashine. Bango si haramu, ila lilipiwe bei ya bango.

Hatua ya 3: Soma pambizo. Namba kama 23/75 maana yake nakala ya 23 katika 75. Sahihi iwe ya penseli, isiwe imechapwa pamoja na picha. Omba risiti ya mwanzo, na uitunze usiitumie kufungia vitumbua.

Hatua ya 4: Tafuta bei. Bei anayoitaja muuzaji ni dua tu. Tazama nakala za kazi hiyohiyo zilizokwisha kuuzwa mnadani, na uulize kama bei imeingiza ada ya mnunuzi, ile anayoongeza mwenye mnada juu ya bei ya nyundo. Nyundo ikigonga pauni 1,000 na ada ni 25 kwa mia, utalipa 1,250, bado usafiri na ushuru. Kisha punguza kwa madoa ya kahawia, rangi iliyopauka na alama za selotepu.

Hatua ya 5: Itunze. Kuta zetu za mawe na chokaa hutoa jasho, khasa masika. Gundisha vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, nyuma ya fremu ili upepo upite. Karatasi isiguse kioo, na plaiwudi isiiguse mgongo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Chake Chake:* Shikamoo ami. Fundi wa stesheneri kaniambia tuilaminishe, haitaingia maji tena.

Marahaba mwanangu. Mwambie alaminishe kitambulisho chake. Plastiki ile ikishaganda kwa moto haitoki bila kuondoka na karatasi, na hakuna mkusanyaji atakayeigusa.

*Mwanachama, Mkunazini:* Nauziwa 3/50. Anasema namba ndogo ni ghali zaidi.

Dada, kwa wasanii wa leo haibadilishi kitu kikubwa. Angalia hali ya karatasi. Afadhali 45/50 safi kuliko 3/50 yenye ukungu.

*Mwanachama, Wete:* Kijana wa mtaani kachapa ramani ya Pemba, barabara zote zinaishia kwa mheshimiwa. Haina namba. Ina thamani?

Hiyo naitaka mimi! Inunue kwake, halafu mwombe atie sahihi na aandike kwa mkono alichapa ngapi. Akisema 30, asichape ya 31. Bei ya mnada haina, kwa hiyo mlipe karatasi, wino na siku zake za kazi, uongeze kidogo.

*Mwanachama, Mkunazini, tena:* Na ile yako iliyokatwa, ami, uliiuza?

Nani ataichukua? Nilirudi kwa fundi nikafukua boksi lake la vipande. Nilipata kimoja, upana wa kidole, kimeandikwa "/75". Nimekibandika nyuma ya fremu. Sahihi sikuiona.