SOMO: Kilomita 400 na zaidi kwa baiskeli, ukiwa peke yako

Nimechoka kujibu kitu kilekile kila wiki, kwa hiyo naweka hapa mara moja.

1. Baiskeli: inayokutosha mwili. Mambo ya bei baadaye.

2. Vifaa: tyubu mbili, viraka, pampu, kifaa cha kukatia cheni, taa mbili za nyuma. Moja itazimika tu.

3. Panda kwa ngazi: kilomita 200, 300, 400, ndipo 600. Kwenye safari za odaksi, yaani safari ndefu za baiskeli zenye kikomo cha muda, 200 hupewa saa 13 na nusu, 400 saa 27, 600 saa 40, na saa haikusubiri ukiwa umekaa unakunywa chai. Wengi miguu inawatosha. Vituo virefu ndivyo vinavyowaangusha.

4. Chakula: gramu 60 hivi za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza, hata kama huna njaa. Maji kunywa kwa kiu, na chumvi iwepo.

5. Usingizi. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo mtu anapoweza kufa. Kati ya saa 8 usiku na alfajiri mwili hudai chake, na hakuna wa kukushtua. Usisubiri miayo. Kwanza unajikuta hukumbuki kilomita mbili zilizopita, halafu tairi la mbele linakanyaga mstari wa pembeni, kisha kila kichaka kinakuwa mtu. Ukifika hapo SHUKA. Usijidanganye na "mpaka mji unaofuata". Toka kabisa barabarani, vaa nguo zote kabla jasho halijapoa, kunywa kahawa, tega kengele ya dakika 20, lala. Kahawa huchukua muda kuingia, itakukuta unaamka. Ukirudi barabarani nenda taratibu kwanza, kichwa bado kizito. Na usiku wa kuamkia safari si wa kufunga mizigo. Lala.

MASWALI

— Mkuu, sijawahi kupita 50. Wiki ijayo naweza 600?
Hatua ya 3.

— Kwa hiyo unatufundisha kulala barabarani?
Nimeandika TOKA barabarani. Mwenye muda alale kitandani, nani kamkataza?

— Tangu nimalize 300, kidole cha mwisho na jirani yake vina ganzi. Ni kawaida?
Hutokea sana. Neva inabanwa kwenye kitako cha kiganja. Kwanza angalia kiti: ncha ikiinama mbele, uzito wote unahamia mikononi. Inyanyue kidogo, badilisha mshiko kila dakika chache, usikaze viwiko. Ukiona unashindwa kufunga kifungo cha shati, muone daktari.

— Na shingo?
Pandisha usukani. Mwaka 1983, kwenye mbio za kuvuka Marekani, shingo ya mwendesha baiskeli Michael Shermer iligoma kabisa kubeba kichwa. Tatizo hilo sasa linaitwa kwa jina lake.

— Nyongeza: gazeti kifuani, chini ya jezi, kabla ya mteremko mrefu. Upepo haupiti.
Hii safi. Likilowa, litupe jalalani, weka jingine.