Namna ya kumchagulia mtoto glavu ya kwanza ya softiboli

Kwa mtoto anayeanza softiboli, mchezo wa jamii ya besiboli, glavu nzuri ya kudakia mpira ni ile anayoweza kuifunga kwa nguvu za mkono wake mwenyewe. Bei, rangi na jina la kampuni vinafuata baadaye. Wazazi wengi huinunua kama sare ya skuli, kubwa kidogo ili mtoto akue nayo. Sare kubwa hupindwa. Glavu kubwa haina dawa. Vidole havifiki pale inapokunjia, kifundo cha mkono kinaelemewa, mpira unaingia na kutoka. Ukimgonga kifuani mara mbili tatu, anaanza kugeuza uso kila unapomjia. Mtoto wa Unguja au Pemba aliyecheza sana nage tayari ni hodari wa kuukwepa mpira. Sasa tunamtaka auendee, na hilo linahitaji glavu inayomtii.

Hatua ya 1: Jua mkono anaorushia

Glavu huvaliwa mkono usiorusha. Usiangalie anakula au anaandika kwa mkono gani, maana watoto wengi wa mashoto wamezoeshwa tangu wadogo kulia chakula kwa mkono wa kulia. Mpe mpira, simama mbali naye hatua kumi hivi, mwambie akurushie kwa nguvu mara tano au sita. Mkono utakaotangulia wenyewe bila kufikiri ndio wa kurushia.

Kwenye kibandiko, herufi RHT maana yake mchezaji anarusha kwa kulia, kwa hiyo glavu inaingia mkono wa kushoto. LHT ni kinyume chake. Hapa ndipo wanapokosea wanaoagiza kwa ndugu aliyeko ng'ambo: wanaandika "glavu ya kushoto", analetewa isiyovalika. Mtumie hizo herufi tatu, na mweleze pia glavu itavaliwa mkono upi.

Hatua ya 2: Jua mpira atakaochezea

Muulize mwalimu wa michezo. Wadogo huchezea mpira wa mzingo wa inchi 11, yaani sentimita 28. Wakubwa huchezea wa inchi 12, kama sentimita 30, wenye uzito wa gramu 178 hadi 198. Mpira wa besiboli una mzingo wa inchi 9 na kidogo tu, ndiyo maana glavu nyingi za besiboli zina kina kifupi. Mpira wa softiboli ukiwekwa humo unakaa juu juu, karibu na ncha za vidole.

Hatua ya 3: Pima ukubwa

Chukua tepu ya fundi cherehani. Anzia ncha ya kidole cha shahada cha glavu, shuka nayo kwa ndani ukifuata bonde la kiganja, hadi ukingo wa chini karibu na kifundo cha mkono. Kipimo hicho mara nyingi kimepigwa chapa kwenye dole gumba au kidole cha mwisho. Kwa makadirio: chini ya miaka 8, inchi 10 hadi 11; miaka 8 hadi 10, inchi 11 hadi 11.5, miaka 11 hadi 13, inchi 11.5 hadi 12. Mwenye umbo dogo mpe kipimo cha chini cha rika lake.

Epuka glavu nene ya mviringo isiyo na vidole vilivyotengana. Hiyo ni ya mdakaji anayechutama nyuma ya mpigaji, na ni nzito mno kwa anayeanza.

Hatua ya 4: Mvalishe, umjaribu

Hapa usiwe na haraka. Kaza mkanda wa kifundo, kisha:

Mwambie anyooshe mkono chini na kuutikisa. Glavu ikichomoka, ni kubwa au mkanda umelegea.

Aifungue na kuifunga mara kumi bila kusaidiwa na mkono wa pili. Tazama ncha ya dole gumba na ya kidole cha mwisho: zikutane, au zikaribiane sana. Akishindwa kufikia mara ya nne au ya tano, iache hata kama ni nzuri kiasi gani.

Mdondoshee mpira kwenye mfuko, ile sehemu ya kina iliyo chini ya wavu unaounganisha dole gumba na shahada. Aufunge, kisha ageuze mkono chini. Mpira usianguke.

Aina ya wavu, wa wazi au uliozibwa, isikusumbue kwa sasa.

Ngozi ya bandia ni nyepesi na laini tangu siku ya kwanza. Inawafaa walio chini ya miaka 8, ila huchakaa upesi. Ngozi ya ng'ombe hudumu, lakini mpya huwa ngumu. Kwa mtoto, glavu ya ngozi iliyotumika na kulainika mara nyingi ni bora kuliko mpya. Ukiikuta kwenye mitumba, ikunje: nyufa zikitokea kwenye mkunjo, ngozi imekufa. Ingiza mkono mzima ndani upapase kitambaa kama kimechanika. Kamba iliyokatika isikutishe.

Hatua ya 5: Ilainishe

Rushianeni taratibu dakika 15 hadi 20 kila siku. Jioni weka mpira kwenye mfuko, funga glavu kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, iache hadi asubuhi. Usiianike juani wala usiichovye kwenye maji ya moto, ngozi itakakamaa na kupasuka. Mafuta ya nazi pia usitumie: yanazama, glavu inakuwa nzito na kunasa vumbi. Mafuta ya glavu yenyewe yanatosha kidogo tu, kwa kitambaa, kwenye mikunjo.

Hatua ya 6: Itunze kwa hali ya hewa yetu

Masika, Machi hadi Mei, ukungu huota juu ya ngozi ndani ya siku chache ikifungiwa kwenye mfuko wa nailoni au kabati. Itundike panapopita upepo, mpira ukiwa ndani. Ikilowa, ifute, ijaze magazeti makavu, uianike kivulini hadi ikauke kabisa. Ufukweni usiipeleke, maji ya chumvi huifanya ngozi ikauke na kukakamaa, na mchanga husaga mishono.

Kamba zikilegea, kaza mafundo kabla ya mazoezi. Ikikatika moja, fundi viatu anaweza kuirudishia kwa ukanda mwembamba wa ngozi. Kabla hajaivuta ya zamani, piga picha za pande zote mbili, kwa sababu kamba ikishatoka ni vigumu kujua ilipita tundu lipi kwanza.