Kabla ya Kulipia Ukumbi Mpya wa Maonyesho Posta

Kundi la ngoma au la maigizo lililozoea uwanja wa wazi, ambako watazamaji hulizunguka pande zote, lisikimbilie kulipia ukumbi mpya wa Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwa kuvutiwa na viti na mapazia. Nendeni kwanza mkaukague, tena mwende na mpiga ngoma wenu mkuu, si mweka hazina peke yake.

Anzeni na sauti. Mwigizaji mmoja asimame jukwaani aseme maneno yake bila kipaza sauti, mwingine akae safu ya mwisho. Kisha ipigwe ngoma pigo moja kavu, msikilize mvumo wake unachukua muda gani kufa. Ukiisha kwa takriban sekunde moja, maneno yatasikika vizuri. Ukivuta hadi mbili, taarab itanoga lakini mazungumzo ya igizo yatamezana. Mkumbuke pia kwamba ukumbi mtupu huvuma kuliko uliojaa, kwa kuwa miili na nguo za watu hunyonya sauti.

Linalosahauliwa zaidi ni ngozi za ngoma. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu wa bahari, na ngozi hulegea. Uwanjani mngeziotesha moto zikakaza, lakini ndani ya ukumbi hakuna atakayewaruhusu kuwasha hata kibiriti. Ombeni mapema nafasi nje ya mlango wa nyuma, na mhesabu hatua kutoka hapo hadi jukwaani. Viyoyozi navyo hukausha hewa na kuzikaza ngozi katikati ya onyesho, kwa hiyo viwashwe mapema, ngoma zikiwa zimeshapangwa jukwaani. Wachezaji wa sindimba nao waijaribu sakafu wakiwa peku: mbao hurudisha mshindo wa miguu, vigae huteleza.

Usajili wa kundi katika Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) uwe umekamilika, na mkataba uandikwe nani atanunua dizeli ya jenereta umeme ukikatika.

Kuhusu saa, mimi ningeanza saa kumi na mbili jioni kamili. Ofisi zikishafungwa Posta hupoa upesi, na mtazamaji wa pembezoni mwa jiji, kama Mbagala au Gongo la Mboto, akianza kuwaza usafiri wa kurudi nyumbani, huinuka kabla pazia halijashushwa.